Kabla Hujamlaumu Jini: Utatuzi wa Matatizo ya Birika, Mkate, Beseni la Ikweta na Kiingereza

Mwongozo huu ni wa vitu visivyo na waranti wala fundi. Redio ikikoroma unajua pa kuipeleka. Slesi ya mkate inayoangukia siagi kila asubuhi utaipeleka wapi? Kwa kawaida lawama humwangukia aliye karibu: mtoto, mume, dada wa kazi, au jini wa nyumba ya kupanga. Hapa tutajaribu kumpunguzia jini mzigo. Tafuta dalili yako, soma chanzo chake, kisha uamue kama hiyo ni hitilafu ya kurekebisha au ndivyo kitu kilivyo. Nakutahadharisha mapema: nyingi zimo katika kundi la pili.

DALILI: Birika linamimina chai kikombeni na kwenye kitambaa cha meza kwa wakati mmoja

Angalia kwanza unavyomimina. Ukimimina kwa adabu ya ukweni, kidogokidogo, chai inakosa kasi ya kuruka kutoka kwenye mdomo wa birika. Inaukumbatia mdomo, inajikunja chini yake na kuteremka shingoni hadi mezani. Tabia hii ina jina tangu mwaka 1956, Markus Reiner alipoiita athari ya birika. Mwaka uliofuata Joseph Keller, mtaalamu wa hisabati, akaonyesha kwamba chai inapokata kona pale mdomoni, mgandamizo ndani yake hushuka chini ya ule wa hewa, na hewa ya nje ndiyo inayoibana chai kwenye birika. Mnamo 2010 watafiti wa Lyon, Ufaransa, waliongeza kwamba uso wa birika nao una lake la kusema: uso unaopenda kulowa huivuta chai, unaokataa kulowa huiachia iende zake.

Tiba ipo. Mimina kwa kasi, bila woga. Tumia chombo chenye mdomo mwembamba wenye ukingo mkali. Ndiyo maana birika la bati lililobonyea pande zote halichuruzi, na lile buli la kauri la zawadi ya harusi, lenye mdomo mnene wa mviringo, ndilo linalokuaibisha mbele ya wageni. Ukikwama kabisa, paka siagi kidogo chini ya mdomo. Inasaidia, ila maelezo kwa mama mkwe utatoa mwenyewe.

Mwaka 1999 Keller na mwenzake Jean-Marc Vanden-Broeck walipewa Ig Nobel kwa kazi ya birika lisilochuruza. Hiyo ni tuzo ya Marekani kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Mwaka huohuo Len Fisher alipewa ya kwake kwa kukokotoa namna bora ya kuchovya biskuti kwenye chai. Wenye biskuti zilizozama kikombeni wajue suala lao lilishafika ngazi za juu.

DALILI: Slesi huangukia upande wa siagi

Watu husema ni uzito wa siagi. Si kweli, siagi ni nyepesi mno kuligeuza slesi zima. Chanzo ni meza.

Slesi halianguki kutoka angani. Huteleza pembeni mwa meza, nusu yake ikishatoka nje linainama, na kuinama huko kunalianzishia mzunguko wa polepole. Meza ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 75, na kutoka hapo hadi sakafuni ni takriban sekunde 0.4. Muda huo unatosha slesi kuzunguka karibu nusu. Na kwa kuwa siagi ilianza ikitazama juu, nusu mzunguko maana yake ni siagi chini. Robert Matthews wa Uingereza aliyakokotoa haya mwaka 1995 na kupata Ig Nobel mwaka uliofuata. Kwa hesabu yake, ili slesi limalize mzunguko mzima na kutua vizuri, meza ingehitaji urefu wa kama mita 3, na walaji wa kimo cha kuendana nayo.

Cha kufanya: ukiliona limeanza kuteleza, usijaribu kulidaka kwa vidole viwili. Lipige kofi la mlalo litoke mezani kwa kasi. Likitoka kwa kasi halipati nafasi ya kuinama pembeni, hivyo halizunguki sana. Ukuta utaathirika. Suluhisho la kudumu ni kula mkekani, na hapo wazee wetu waliwatangulia watu wa meza bila kuandika hata fomula moja.

DALILI: Waya wa spika za masikioni uliouweka mfukoni umenyooka, unautoa umejifunga mafundo

Hakuna aliyekuja usiku. Mwaka 2007 Dorian Raymer na Douglas Smith wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitia kamba ndani ya sanduku, wakalizungusha, wakafungua kuangalia. Walifanya hivyo mara 3,415. Kamba fupi kuliko sentimita 46 karibu hazikujifunga kabisa. Ndefu zaidi, hadi nusu ya majaribio yalitoa fundo, tena ndani ya sekunde chache. Kamba ikijikunja katika nafasi ndogo, vipande vyake hulala sambamba, na ncha moja ikitikiswa hupenya juu na chini ya majirani zake hadi isuke.

Tiba ni kuinyima ncha uhuru. Bana ncha zote mbili pamoja kwa kibanio cha nguo. Au nunua zisizo na waya, uanze kutafuta ile ya kushoto chini ya kochi. Tatizo hilo halimo katika mwongozo huu.

DALILI: Birika lilikuwa linapiga kelele motoni, sasa limenyamaza

Halijaharibika. Kelele ni viputo vya mvuke vinavyozaliwa chini, vikipanda kwenye maji ambayo bado hayajashika moto vinapondeka. Maji yote yakishapata joto, viputo hufika juu vizima na kelele hupungua. Likinyamaza, weka majani.

Maziwa ni kesi nyingine. Maji yakichemka viputo hupasuka, lakini protini na mafuta ya maziwa huzunguka kila kiputo na kukitia nguvu, utando wa juu nao unaziba njia, povu linapanda kwa mkupuo. Mwiko uliolazwa juu ya sufuria hupasua viputo vinavyougusa, na kwa moto mdogo unatosha. Kwa moto mkubwa maziwa huuvuka mwiko na kuendelea na safari. Sababu ya maziwa kufurika muda uleule uliogeuza shingo haihitaji fizikia: mara zote ulizokuwa unatazama, ulizima moto.

DALILI: Ukigonga kikombe cha kakao kwa kijiko, sauti inapanda kadiri unavyogonga

Hili ni zuri, na ajabu ni kwamba wengi wameishi nalo bila kulisikia. Koroga kakao ya unga, kahawa ya unga au maziwa ya unga kwenye maji moto, kisha anza kugonga sehemu ya chini ya kikombe, ting, ting, ting. Mwanzo mlio ni mzito, kisha unapanda hadi uwe mwembamba kabisa. Koroga tena, unarudi chini. Unga huingia na hewa. Maji yenye viputo hupitisha sauti polepole sana kuliko maji matupu, na mlio unakuwa mzito. Viputo vikitoka, sauti inashika kasi yake. Frank Crawford aliyaeleza haya mwaka 1982. Rekebisho: hakuna. Jaribu leo usiku, watu wakishalala.

DALILI: Kwenye ikweta, maji ya beseni yamezunguka kushoto upande mmoja wa mstari na kulia upande wa pili

Tatizo hili huwapata wasafiri Nanyuki, Kenya, na Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, Uganda. Kijana ana beseni lenye tundu, jagi la maji na njiti za kiberiti. Hatua ishirini kaskazini mwa mstari njiti inazunguka hivi. Hatua ishirini kusini inazunguka vile. Juu ya mstari wenyewe maji yanashuka wima, kimya. Unapiga makofi, unanunua cheti.

Nguvu inayotajwa ipo kweli. Inaitwa ya Coriolis, inatokana na dunia kujizungusha, na ndiyo inayovipa vimbunga mwelekeo: kaskazini vinazunguka kinyume cha saa, kusini vinafuata saa. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwezi Mei 2024 kilizunguka kwa kufuata saa kama inavyotakiwa upande wetu wa kusini. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na siku kadhaa za kujipanga. Beseni lina sentimita 30 na nusu dakika.

Tena nguvu hiyo, kwa mambo yanayozunguka yakiwa yamelala kama maji ya beseni, ni sifuri ikweta na huongezeka ukielekea nchani. Mita 20 kutoka kwenye mstari, iliyopo ni kama sehemu 3 katika 1,000,000 ya ile ya ncha ya dunia. Kijana wa Nanyuki amechagua eneo baya kuliko yote duniani la kuionyesha.

Je, kuna beseni linaloweza kuionyesha? Lipo. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitumia tangi la mviringo lenye upana wa kama mita 1.8, akalijaza, akaliacha litulie kwa saa 24, kisha akafungua tundu dogo katikati kabisa. Kwa zaidi ya dakika kumi hakikuonekana chochote. Mwishoni ndipo kipande chake cha kuelea kilipoanza kugeuka kinyume cha saa. Mwaka 1965 watafiti wa Sydney, Australia, walirudia na kupata mzunguko wa kufuata saa. Hivyo ndivyo maji yanavyopaswa kubembelezwa ili yakubali kuisikia dunia. Yasipotulia saa 24, yanachokumbuka ni mkono ulioyamimina.

Hapo ndipo pa kutafuta hitilafu. Wakati wa onyesho usitazame njiti, tazama mikono. Jagi limemimina kutoka ukingo gani wa beseni? Mwenye beseni amegeukia upande gani kabla ya kuliweka chini? Alipokuwa juu ya mstari, aliyaacha maji yatulie kwa muda mrefu zaidi? Mwombe, kwa heshima, akuruhusu umimine wewe. Na lipa. Onyesho limechezwa vizuri, na cheti hakidanganyi: ikweta umefika.

DALILI: Maji ya moto yameganda kabla ya maji ya baridi

Hapa mwongozo unaingia nyumbani kabisa. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa maziwa na sukari. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwanafunzi mmoja aliingiza maziwa yasiyochemshwa. Mwenzake, Erasto Mpemba, akihofia kukosa nafasi, akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Aliuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu, na darasa likapata utani wa kudumu. Kisha akaja Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kutoa mhadhara, Mpemba akanyoosha mkono. Darasa likacheka. Osborne hakucheka; alirudi Dar na kumwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta taarifa kwamba ndiyo, ya moto yaliganda kwanza, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi. Kwa maoni yangu huyo fundi anastahili sanamu pale mlangoni pa kila maabara. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo pamoja, wakati Mpemba akisomea uhifadhi wa wanyamapori Moshi, na dunia nzima sasa inaita jambo hili kwa jina lake.

Sasa chanzo. Washukiwa ni wengi, na hiyo yenyewe ni dalili. Maji ya moto hupoteza kiasi fulani kwa mvuke, kinachobaki ni kidogo. Hewa iliyoyeyuka ndani yake hutoka. Chombo cha moto huyeyusha sakitu ya rafu, kikakaa barabara kwenye chuma baridi, wakati cha baridi kimekalia sakitu ambayo ni blanketi. Maji mengine hushuka chini ya sifuri bila kuganda, yakisubiri kisingizio. Kila mmoja ana ushahidi wake.

Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba jambo hili linatokea. Kutofautiana kwa sentimita 1 tu katika kina cha kipimajoto kunaweza kulitengeneza au kulifuta. Wengine hawajakubali. Mzozo unaendelea, na sehemu yake kubwa ni kwamba watu hawajaafikiana "kuganda" kuanzia wapi: kufika nyuzi 0, kuona chembe ya kwanza ya barafu, au kuwa jiwe.

Kwa mwenye friza na biashara ya barafu: usichemshe maji ukitarajia kuwahi wateja. Mkaa utaulipia kwanza, umeme utaulipia mara ya pili, na friza lako halijasoma Magamba. Lakini mwanafunzi akikuletea swali la namna hii, kabla hujamjibu fungua friji.

DALILI: Kioo kinabadilisha kushoto na kulia, lakini hakibadilishi juu na chini

Hakibadilishi chochote kati ya hivyo. Simama mbele ya kioo ukielekea kaskazini, inua mkono wa mashariki: katika kioo mkono unaoinuka ni wa mashariki. Kinachogeuzwa ni mbele na nyuma tu. Wewe unatazama kaskazini, yeye anatazama kusini. Maandishi ya fulana yako yanaonekana kinyume kwa sababu ulipojielekeza kwenye kioo uliyageuza wewe. Ndiyo maana pia gari la wagonjwa huandikwa kinyume kwenye pua: aliye mbele atalisoma sawasawa kwenye kioo chake cha kutazamia nyuma, ampishe.

DALILI: Umesoma neno la Kiingereza kama lilivyoandikwa, darasa limecheka

Kifaa hiki hakimo jikoni, lakini kimo katika nyumba nyingi, na malalamiko juu yake ni mengi kuliko ya friji. Usipige ramli kwanza. Uliza ni herufi gani iliyokuangusha, maana kila moja ilifungwa na fundi tofauti.

Mtoto wa darasa la tatu akisoma "name" kama na-me na "time" kama ti-me, hajakosea, amechelewa miaka 600. Waingereza wa karne ya 14 walitamka karibu hivyohivyo. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama vyumba zote, na bahati mbaya William Caxton alikuwa ameshafungua kiwanda cha uchapaji Westminster mwaka 1476. Uchapaji ukaanza kugandisha tahajia, midomo ikaendelea na safari. Vivyo hivyo "knight": k ilisikika, na ile gh ilikwaruza koo karibu na kh ya kheri. Msomaji wa Lamu angeipatia kuliko msomaji wa London wa leo.

Hitilafu ya "debt" ni ya aina nyingine. Hiyo b haikutamkwa na yeyote. Neno lilitoka Kifaransa bila b, halafu katika karne ya 16 wasomi wakaona litapendeza likifanana na debitum ya Kilatini. Neno lenye maana ya deni likakopeshwa herufi, na hadi leo haijarejeshwa. Nayo s ya "island" iliingia kwa kosa la ukoo: ni neno la asili la Kiingereza ambalo watu walidhani ni ndugu wa "isle" lenye damu ya Kilatini.

Ukifika "colonel", weka zana chini. Kiitaliano kilisema colonnello, Kifaransa kikaleta coronel, Kiingereza kikapokea zote mbili na kushindwa kuchagua: kikaandika kwa l na kutamka kwa r. Kwetu ni kanali, l imo na inasikika.

Kwa "though", "through", "tough", "cough" na "bough", ambazo mwisho wake unafanana kwa macho tu, hakuna tiba ya dakika tano. Kariri.

DALILI: Mgeni kutoka Uingereza anacheka kwamba Waswahili wameivunja "mudguard"

Ni kweli tumeivunja, na kwa ufundi. Sikio la Kiswahili lilisikia ma- mwanzoni, likahesabu: madigadi ni mengi, basi moja ni digadi. Na "keep left" ya kwenye mzunguko wa barabara ikasikika na ki-, kwa hiyo jiji lenye kiplefti zaidi ya kimoja lina viplefti. Kitabu na vitabu vilipita njia hiyohiyo kutoka Kiarabu.

Cha kufanya: mwonyeshe digadi la baiskeli, mwache acheke amalize. Kisha mwambie kwamba wazee wake walikuwa na "a napron" wakaisikia vibaya ikawa "an apron", na nyoka wao "a nadder" akapoteza n kwa ajali ileile akawa "an adder". Mwulize n mbili hizo zilikwenda wapi. Akisema hajui, moja ilikwenda kwa kiumbe anayefanana na mjusi: "an ewt" alipewa n asiyoiomba, ndiye "newt" wa leo.